Sefu imefungwa, kutu imeingiaje?

Bunduki ilifutwa, ikapakwa mafuta, ikafungiwa kwenye sefu ya chuma. Masika yakapita. Inapotolewa, mtutu una madoa ya rangi ya chungwa, na pale mkono ulipoishika mara ya mwisho alama za vidole zimejichora kwa kutu. Kwa kawaida lawama huenda kwa mafuta. Yanabadilishwa, na masika yanayofuata hali ni ile ile.

Cha kuchunguzwa kwanza ni sefu yenyewe. Sefu ya bunduki imetengenezwa kumzuia mwizi na, zile za bei ya juu, kuzuia moto kwa muda fulani. Unyevu haukuwa kwenye hesabu ya mtengenezaji. Mlango una upenyo, sakafu ina matundu ya boliti za kufungia chini, na ndani kuna zulia, mbao na sponji ambavyo vyote hunywa maji kutoka hewani. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, sefu isiyoshughulikiwa huishia kuwa na hewa ile ile ya chumba ilimo, na mara nyingine hewa mbaya kuliko ya chumba.

Kuiacha silaha nje ipate upepo si jawabu. Sheria ya Silaha ya Kenya (Sura ya 114) na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 zinamtaka mmiliki aihifadhi silaha yake mahali salama. Kwa hiyo kazi ifanyike ndani ya sefu. Na kwa kuwa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, bunduki nyingi za raia huko zinakaa kabatini miezi kwa miezi bila kuguswa, nao muda ni rafiki mkubwa wa kutu.

Unyevu wa asilimia 80 maana yake nini

Hewa yenye nyuzijoto 28 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 27 hivi za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikiwa imebeba gramu 22, tunasema unyevuanga ni asilimia 80. Sasa ipoze hewa hiyo hadi nyuzi 24 bila kuongeza wala kupunguza tone la maji. Uwezo wake umeshuka hadi gramu 22, kwa hiyo imejaa pomoni. Ikipoa zaidi ya hapo, maji yanatoka na kutua kwenye kitu chochote cha baridi kilicho karibu. Glasi ya maji ya friji inavyotoa jasho mezani, ndivyo chuma cha nyuzi 22 kinavyotoa jasho katika hewa ya aina hiyo.

Kutu haingoji jasho linaloonekana. Katika miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza W. H. J. Vernon alionyesha kwamba chuma katika hewa yenye uchafu huharibika polepole sana unyevu ukiwa chini, kisha ukipita kiwango fulani, karibu asilimia 60, kasi inaruka ghafla. Hapo utando wa maji usioonekana kwa macho tayari umekaa juu ya chuma, na utando huo unatosha kubeba umeme mdogo unaoendesha kutu.

Pwani mambo ni magumu zaidi kwa sababu ya chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu unapofika asilimia 75 hivi. Lakini chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo huanza kulowa kwenye asilimia 33 tu. Bunduki iliyopigwa na upepo wa baharini, au kushikwa na mkono wenye jasho, inaweza kushika kutu ndani ya sefu ambayo kipimo chake kinasoma 50. Ndiyo maana kukausha hewa bila kuondoa chumvi kwenye chuma ni nusu ya kazi.

Lengo la kushikilia ni asilimia 45 hadi 55. Ikipita 60, chukua hatua siku hiyo hiyo. Ikishuka chini ya 40 kwa muda mrefu, kitako cha mbao huanza kusinyaa na kinaweza kupasuka pale kinapokutana na chuma. Pwani tatizo hilo ni nadra. Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi, mtu aliyejaza dawa ya kukausha kupita kiasi anaweza kulipata.

Maji yako wapi hasa

Chukua sefu yenye nafasi ya ndani ya sentimita 150 kwa 50 kwa 50. Hiyo ni mita za ujazo 0.375. Hewa ya nyuzi 28 na asilimia 80 iliyomo ndani yake ina maji gramu 8 tu, hayajai vijiko viwili vya chai. Kuishusha hewa hiyo hadi asilimia 50 ni kuondoa gramu 3. Vipakiti vichache vya silika jeli, zile punje za kunywa unyevu zinazokuja na viatu vipya, vingeimaliza kazi hiyo.

Basi kwa nini nusu kilo ya silika jeli inajaa na sefu bado ni mbichi? Kwa sababu maji hayako hewani. Yako kwenye mbao na zulia. Mbao iliyozoea unyevu wa asilimia 80 hubeba maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu; ikizoea asilimia 50, hubeba kama 9. Rafu na vishikio vya mbao vya kilo 5 vitatoa gramu 350 za maji kabla havijatulia kwenye hali mpya. Linganisha na zile gramu 3 za hewani. Ongeza zulia lililogundishwa ukutani, maboksi ya kadibodi na bahasha ya karatasi za leseni, na utaona kwamba mwezi wa kwanza unakausha fanicha, hewa inakuja baadaye.

Sefu mpya ya kuzuia moto ina lake. Kuta zake hujazwa mbao za jipsamu au zege jepesi. Jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na hayo ndiyo yanayosaidia wakati wa moto. Kwa joto la kawaida hayatoki. Kinachotoka ni unyevu wa ziada ulioingia kiwandani, melini au kwenye ghala la bandari. Zege lililomiminwa huendelea kukauka kwa miezi. Sefu mpya iache tupu wiki mbili au tatu na vifaa vya kukausha ndani yake, ukisoma kipimo, kabla ya kuweka silaha. Kama sheria na mazingira hayakupi nafasi hiyo, weka silaha ikiwa imepakwa mafuta mazito na uikague kila wiki.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuvuja. Tuseme hewa ya sefu hiyo inabadilika mara moja kwa siku, kwa upenyo wa mlango na kwa kufungua na kufunga. Gramu 3 zinaingia kila siku. Nusu kilo ya silika jeli, tukiihesabia inywe asilimia 20 ya uzito wake, ina nafasi ya gramu 100. Itadumu mwezi hivi. Ukifungua sefu mara tatu kwa siku kuangalia tu kama mambo yako sawa, umejipunguzia siku hizo kwa mkono wako mwenyewe.

Sakafu na ukuta kwanza

Kabla ya kununua kifaa chochote, chunguza sakafu. Kata nailoni nzito yenye upana wa nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe kuzunguka kingo zote, iache usiku kucha hadi mchana wa siku inayofuata. Ukiifungua ukakuta umande chini yake au sakafu imekolea rangi, zege linapandisha maji kutoka ardhini. Sefu iliyokaa moja kwa moja juu ya zege hilo inanyonya kupitia matundu ya boliti, na chini yake kutu inakula kitako cha sefu kimyakimya.

Dawa yake ni kuweka tabaka la nailoni nzito, juu yake vipande vya mpira mgumu au plastiki nene ya sentimita 2 hadi 3 kwenye pembe na kwenye boliti, kisha sefu, halafu boliti zifungwe kupitia humo humo. Usiache kuifunga chini kwa ajili ya kuogopa unyevu; sefu isiyofungwa inabebwa. Matundu ya boliti yasiyotumika yazibwe kwa silikoni. Kutoka ukutani acha sentimita 5 hadi 10 ili hewa ipite nyuma.

Ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya kusi haufai, wala ukuta unaopakana na bafu. Katika nyumba za zamani za Mombasa, Lamu na Unguja zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wenyewe una chumvi na hupandisha maji toka chini. Unga mweupe unaojitokeza kwenye lipu ni chumvi hiyo. Sefu ikiegemezwa hapo, haigromita, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, itakuletea habari mbaya mwaka mzima.

Kipimo kinachosema kweli

Haigromita ndogo ya dijitali ni ya bei nafuu, lakini nyingi zinakosea kwa asilimia 5 au zaidi. Ipime kabla ya kuiamini. Jaza kizibo cha chupa kwa chumvi ya mezani, idondoshee maji hadi iwe kama mchanga mbichi, isiwe uji. Weka kizibo na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, bila kugusana, uache saa 12 mahali pasipobadilika joto. Hewa ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Ikisoma 70, ujue inapunguza 5. Andika "+5" kwa kalamu ya wino nyuma yake, basi. Rudia kila mwaka.

Ndani ya sefu iweke katikati ya urefu, mbali na mlango na mbali na dawa ya kukausha. Iliyo bora ni ile inayokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kwa sababu mabaya hutokea saa kumi na moja alfajiri wakati hakuna anayeangalia.

Silika jeli, na jinsi ya kuioka

Kwa sefu nyingi za nyumbani pwani, hii ndiyo njia ya kutegemea. Haihitaji umeme, hailowi, haimwagiki, na inatumika tena kwa miaka. Kwa sefu ya mfano wetu anza na kilo moja, nusu chini na nusu kwenye rafu ya juu, ndani ya mifuko ya kitambaa au bati lenye matundu. Baada ya mwezi wa kwanza nusu kilo inaweza kutosha.

Nunua yenye punje za kuonyesha rangi, lakini chagua ya chungwa inayogeuka kijani. Ile ya buluu inayogeuka waridi hutumia kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu, na hakuna sababu ya kuishika kila mwezi. Hata hivyo mizani ya jikoni ni shahidi bora kuliko rangi. Pima mfuko ukiwa umetoka tu kuokwa, andika uzito juu yake. Mfuko wa gramu 500 ukifika 600, umeshiba.

Kuoka ni joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 hadi 3, punje zikiwa zimetandazwa kwenye sinia, kina kisizidi sentimita 2. Zikipita joto hilo, rangi inaungua na punje hazionyeshi tena, ingawa zinaendelea kunywa maji. Usiingize mfuko wa plastiki ndani ya oveni. Asiye na oveni atumie njia ya keki ya mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sinia juu ya mchanga, mfuniko ukiachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, moto wa wastani, na kipimajoto cha oveni ndani. Sinia hilo lisirudi kwenye chakula.

Jua peke yake halitoshi. Anayeanika silika jeli kibarazani Dar es Salaam mwezi wa Aprili anainywesha maji zaidi. Kosa jingine la kawaida ni kuiacha ipoe wazi mezani. Inapopoa ndipo inapovuta kwa nguvu. Iingize ikiwa bado ina uvuguvugu ndani ya bati au chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, ipoe humo, ndipo iende kwenye sefu.

Mchele? Mchele uliokaa hewani tayari una maji yake na hauna nafasi ya kutosha ya mengine. Zaidi unaleta fukusi. Mkaa unaondoa harufu, unyevu huu hauuwezi. Vile vikopo vya dukani vya kukausha makabati ya nguo, vinavyojaa maji chini, vina kloridi ya kalsiamu. Vinakausha kweli, tena kwa nguvu, lakini yale maji yaliyokusanyika ni maji ya chumvi kali. Kikopo kikipinduka ndani ya sefu, umeileta bahari miguuni pa bunduki. Visitumike. Chokaa hai nayo inachoma macho na ngozi, na vumbi lake hupanda kila mlango unapofunguliwa.

Umeme: unasaidia wapi, unaishia wapi

Fimbo ya joto ni bomba dogo la umeme la wati 12 hadi 40 hivi linalolazwa sakafuni mwa sefu. Haiondoi maji hata tone. Inapasha hewa, na hewa ya joto huweza kubeba mvuke zaidi, hivyo asilimia inashuka. Tufanye hesabu: hewa yetu ya nyuzi 28 na asilimia 80, ikipashwa hadi 33, inashuka hadi kama 61. Hiyo ni nafuu, lakini haijafika lengo. Katika nchi za baridi fimbo pekee inatosha. Pwani yetu ni msaidizi. Faida yake kubwa ni kufanya chuma kiwe na joto kuliko hewa ya chumba, na chuma cha namna hiyo hakitoi jasho.

Fimbo na silika jeli hazipendani sana. Joto linaifanya jeli iteme sehemu ya maji iliyonywa. Ukizitumia pamoja, jeli ikae juu, fimbo chini, na utegemee kuioka mara nyingi zaidi. Waya upite kwenye tundu lililotengenezwa na kiwanda. Usitoboe ukuta wa sefu ya moto. Fimbo isiguse mbao wala zulia, na risasi zikae mbali nayo. Balbu ya kuchoma iliyowekwa mahali pa fimbo ni moto unaosubiri siku yake.

Vikaushio vidogo vyenye kibamba cha baridi na kitanki cha maji vimejaa madukani. Vinakusanya maji kidogo, vinatoa joto, na kitanki kinahitaji kumwagwa. Kikisahaulika kikajaa, yale maji yanarudi hewani. Afadhali mashine kubwa ya kukausha hewa ya chumba kizima, iliyowekwa asilimia 50 na kuunganishwa na bomba la kutoa maji nje. Chumba kikikauka, sefu inafuata yenyewe baada ya wiki chache. Ina gharama ya umeme, na inafaa zaidi kampuni za ulinzi au klabu za shabaha zenye chumba kamili cha silaha.

Udhaifu wa vyote hivi ni ule ule: umeme ukikatika, havipo.

Kiyoyozi, adui asiyeshukiwa

Wengi huweka sefu chumba cha kulala, na kiyoyozi huwashwa saa nne usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo madhara makubwa hutokea. Usiku kucha kilo 200 za chuma zimepozwa hadi nyuzi 22. Asubuhi kiyoyozi kinazimwa, madirisha yanafunguliwa, upepo wa bahari unaingia ukiwa na maji gramu 22 kwa mita ya ujazo. Chuma kingi kiasi hicho kinachukua saa kadhaa kupata joto. Mtu akifungua sefu saa moja asubuhi kuchukua kitu, hewa yote ya ndani inabadilishwa na hewa ya kutoa jasho, kisha anafunga mlango na kuifungia humo na bunduki. Umeme unapokatika usiku hali ni hiyo hiyo, ila hewa inaingia taratibu zaidi. Muscat na miji mingine ya Ghuba wakati wa kiangazi tofauti ya ndani na nje ni kubwa zaidi, kwa hiyo kosa hilo huko huadhibiwa haraka.

Kinyume chake ni fursa. Kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi saa mbili au tatu na haigromita ya chumba inasoma 50 hadi 55, hiyo ndiyo saa ya kufungua sefu. Fungua, fanya kazi yako ukiwa hapo hapo, hewa kavu iingie, funga kabla ya kuzima. Iangalie pia rimoti: kiyoyozi kikubwa kuliko chumba hupoza haraka na kujizima kabla hakijakausha, ukabaki na chumba cha nyuzi 20 na unyevu wa 75. Alama ya tone la maji kwenye rimoti ni hali ya kukausha, na katika msimu wa fukuto inasaidia kuliko kushusha nyuzi.

Vivyo hivyo kwa bunduki inayosafiri. Ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi au imeshuka toka nyanda za juu, iache ndani ya begi lake lililofungwa, chini ya uangalizi wako, hadi ipate joto la chumba. Ukilifungua mara moja, utaona mtutu ukipata ukungu kama kioo cha bafuni.

Chuma chenyewe

Kabla ya kugusa chochote: ondoa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, angalia tena kwa kidole, na risasi zikae mbali na meza.

Rangi nyeusi-buluu ya bunduki nyingi ni aina ya kutu iliyodhibitiwa, oksidi nyeusi ya chuma, na ina vinyweleo. Inalinda pale tu vinyweleo hivyo vikiwa vimejaa mafuta. Chuma kinachoitwa kisichoshika kutu hushika, huchelewa tu. Kwa hiyo kila baada ya kushika, jasho lifutwe. Lina chumvi na tindikali. Bunduki iliyopata mnyunyizo wa bahari ifutwe kwanza kwa tambara lililoloweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kwa sababu mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu. Kisha ikaushwe, inyunyiziwe dawa ya kufukuza maji, ifutwe, ndipo ipakwe mafuta ya kuhifadhi.

Hapa watu huchanganya. WD-40, ambayo jina lake linatokana na jaribio la 40 la kutafuta kimiminika cha kufukuza maji mwaka 1953, inafanya kazi hiyo ya kufukuza maji vizuri. Utando unaobaki ni mwembamba mno kwa miezi ya pwani. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hutiririka yakaisha. Mafuta ya alizeti au nazi huganda na kunata, yakashika vumbi na kukwamisha mitambo. Kinachofaa kwa kukaa ni mafuta yaliyoandikwa kuwa ya kuzuia kutu kwa hifadhi, au yenye lanolini (nta ya sufu ya kondoo), au nta ngumu ya makumbusho inayopakwa nyembamba na kusuguliwa. Nta ina sifa moja ya ziada: haiondoki kirahisi kwa vidole. Vyovyote, iwe utando, isiwe bwawa. Mafuta yakizidi hushuka kwenye kitako cha mbao na kuilainisha. Bunduki iliyotoka kupakwa isimame mdomo chini juu ya tambara siku moja.

Ala ya ngozi na begi lenye sponji ni vya kubebea tu. Ngozi hubaki na chumvi na tindikali za kiwandani na hushika unyevu dhidi ya chuma. Bastola iliyolala ndani ya ala yake sefuni itakuonyesha kutu yenye umbo la ala. Badala yake tumia soksi ya kitambaa iliyotiwa silikoni, au karatasi yenye dawa ya mvuke wa kuzuia kutu, ile inayotoa chembe zinazotanda juu ya chuma. Karatasi hiyo hufanya kazi mahali palipofungwa, na hubadilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili.

Kutu ikishajitokeza kama unga, paka mafuta, subiri nusu saa, sugua taratibu kwa pamba ya chuma laini kabisa ya namba 0000, futa, rudia. Ukiona vishimo, hasa ndani ya mtutu au karibu na chemba, mwachie fundi wa silaha mwenye leseni. Vishimo havisuguliki, na mtutu uliolika haupimwi kwa macho.

Ukiondoka kwa miezi, oka silika jeli siku ya mwisho, vaa glavu, paka utando mzito nje na ndani ya mtutu, weka karatasi ya dawa, andika usomaji wa haigromita na tarehe. Kisha funga kibandiko kwenye kilinda triga: "Mtutu una grisi." Atakayeitoa, hata ukiwa ni wewe mwenyewe baada ya miezi sita, apitishe tambara kavu ndani ya mtutu hadi litoke safi kabla ya kuweka risasi, maana grisi iliyobaki humo inaweza kupandisha shinikizo na kuuvimbisha mtutu kwa risasi ya kwanza.